Faili Zilizorukwa

Samiha alikiona kidole cha Jamaludin kikishuka kwenye kitufe cha kufuta kila kitu kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi yao ya mizigo, pale Changamwe, akapaza sauti.

"Ngoja, kaka! Huenda fomu za zamani hazikuhamishwa!"

Mwongozo wa amri ya kunakili faili kwenye kompyuta mpya alikuwa ameuandika mwenyewe, akapendekeza faili zenye mwisho wa ".old" zirukwe, kama ilivyo desturi. Sasa alikumbuka kuwa fomu za wateja wa zamani zilipewa mwisho huohuo.

"Wallahi, mwongozo wako wasema faili zote za maana zitakuwamo!" Jamaludin akasema.

"Basi imekosea."

Wakatazama kompyuta mpya. Fomu zile hazikuwamo. Jamaludin akauondoa mkono taratibu. Samiha akaufuta kwenye mwongozo mstari wa kuruka faili za ".old", akaandika: "Unaponakili mara ya kwanza, usiruke faili yoyote."