Kiti cha Ghorofa ya Pili

Lifti ya jengo letu iliharibika kabla ya Kwaresima, na mpaka waridi za jirani yetu Cyril zinachanua bado ilikuwa imebandikwa karatasi ya kusema fundi yuko njiani.

Nora Blenkinsop anakaa ghorofa ya nne, na nyonga zake zote mbili ni mbovu. Kwa hiyo Cyril, aliyestaafu udereva wa basi, alimwekea kiti pale ngazi zinapopinda, ghorofa ya pili. Ni kiti cha mbao kutoka kanisa lililofungwa, mgongoni kina kijisanduku cha kitabu cha nyimbo. Mimi nikakishonea mto wa kijani. Nora akitoka dukani na maziwa na viazi vyake hukaa hapo, akamumunya peremende ya mnanaa mpaka iishe, ndipo akamalizia kupanda. Bila kiti hafiki kwake. Na asipofika kwake, binti yake atamchukua kwake, mji wa Grimsby, akalale chumba kimoja na mashine ya kufanyia mazoezi.

Ndipo halmashauri ya mji, yenye jengo letu, ikaamua kuandika upya mikataba yetu ya upangaji, ila kwanza watuulize maoni. Tamsin, binti wa ofisi ya nyumba, akatuita ukumbini. Chai ilikuwepo, biskuti za tangawizi zilikuwepo, na ubao wenye swali kubwa: Je, ungependa ngazi zilizo salama? Anayependa abandike kidoti cha kijani, asiyependa chekundu. Sasa nani hapendi? Tukabandika vya kijani wote. Nora alibandika viwili, maana Tamsin alikuwa mpole.

"Asanteni sana," Tamsin akasema. "Basi mmekubali kifungu cha kumi na mbili. Hakuna kitu kuachwa kwenye ngazi bila mtu. Kile kiti kitaondolewa."

"Nimekubali kiti changu kiondolewe?" Nora akauliza.

"Mara mbili, bibi."

Cyril akaweka kikombe chini. "Hebu rudia, mwanangu. Umesema bila mtu. Kikiwa na mtu je?"

Tamsin aligeuza karatasi mbele na nyuma. "Kikiwa na mtu… nadhani hakijaachwa."

Basi tukapanga zamu. Jengo zima tulikikalia, asubuhi mpaka usiku, na sufu zetu za kufuma, na redio, na chupa za chai. Tulijiona mashujaa. Kesho yake Nora akapanda na viazi vyake, akamkuta Cyril amejaza kiti kizima.

"Inuka nikae."

"Siwezi, Nora. Nakulindia kiti."

"Unanilindia nani asikae? Mimi?"

"Vumilia, kipenzi. Tunakupigania."

Akamshikia viazi, hilo nalisema kwa haki yake. Nora aliegemea ukuta, peremende mdomoni, miguu ikitetemeka. Siku ya tatu akasema, "Mimi nakwenda Grimsby. Kule angalau ile mashine haina mtu juu yake."

Tukacheka, lakini jioni ile nilimwona anashusha sanduku la nguo kutoka juu ya kabati.

Ijumaa Tamsin akaja na wapagazi wawili. Zamu ilikuwa yangu.

"Bibi, tafadhali inuka."

"Zamu yangu haijaisha, binti. Ningekuwa wewe ningeshuka nikangojee chini."

Mara tukasikia miguu ya Nora, ngazi moja, kimya, ngazi moja, kimya. Alipotokeza, uso ulikuwa mweupe kama unga. Sikufikiri. Nikainuka.

"Hakina mtu!" Tamsin akapiga kelele. "Kichukueni!"

Lakini Lloyd, yule mpagazi mnene, alikuwa ameshakikalia.

"Lloyd, inuka!"

"Dakika moja, bosi. Moyo unanienda mbio."

"Baba," Nora akamwambia, "hicho ni kiti changu."

Lloyd akaona aibu, akampisha. Nora akakaa, akafumba macho. Mpagazi mwenzake akamwuliza Tamsin, "Sasa tumbebe pamoja nacho, au?"

Tamsin naye alikuwa ameegemea ukuta, kiatu kimoja mkononi, anahema. Nora akamwangalia, akampa peremende.

"Bibi," Tamsin akasema, peremende mdomoni, "ukimaliza, naomba nikae kidogo."

Mkataba mpya umekuja mwezi uliopita. Kifungu cha kumi na mbili kimeongezewa mstari: hakuna kitu kuachwa kwenye ngazi, isipokuwa kiti kimoja cha mbao, ghorofa ya pili, ilimradi wakati wote kiwe na mtu. Nora amerudisha sanduku juu ya kabati. Lifti bado.

Haya nayaandika nimekalia kiti chenyewe, karatasi juu ya goti, na sasa namsikia Nora anapanda. Hatuthubutu kukiacha kitupu hata kidogo. Kwa hiyo nikimwona nasogea upande, yeye anaingiza nyonga moja, mimi natoa moja, tunabanana nusu kwa nusu.

"Umeshakaa?" namwuliza.

"Nimekaa. Toka."