Mianzi na Kaniki Juu ya Ruvuma

Ulianza mvumo. Ulikuwa mwembamba, kama nyuki mmoja aliyefungiwa ndani ya kibuyu, na hakuna aliyeweza kusema unatoka upande gani. Mama yangu, Somoe, aliusikia kabla yangu. Alikuwa akimenya muhogo. Kisu kikasimama mkononi. Kisha majirani nao wakausikia, na kabla ndege haijatokeza juu ya miti, kijiji chetu cha ukingoni mwa Newala kilikuwa tupu. Watu walishika njia ya genge la mawe, huyu na mtoto mgongoni, yule na kuku kwapani, wakateremka hadi vichaka vya bondeni.

Mimi nilibaki nimesimama uani. Nilitaka wanione nimesimama.

Ndege ilikuwa ya Waingereza. Ilipita juu yangu ikielekea Masasi, kwa Wajerumani na askari wao, wala haikuangusha kitu. Nikaufuata kwa macho mkia wake hadi ukayeyuka. Jioni nikapika, nikangoja. Hakurudi mtu. Kesho yake hakurudi mtu, wala kesho kutwa. Nilikuwa nikiongea na jogoo mmoja aliyesahauliwa na wenyewe, naye pia siku ya nne akaenda zake.

Wenzangu waliiogopa ndege kwa sababu hawakuijua. Mimi niliijua. Miezi miwili nyuma Wajerumani walinikamata nikawe mpagazi, na karibu na Masasi ndege moja ilianguka katika shamba la mtama. Tuliamriwa tuivunjevunje na kuibeba. Mimi nilibeba bawa. Nililiweka begani, nikalipapasa njia nzima: mbavu za mti mwembamba, nguo iliyovutwa ikakaza, gundi, uzi. Mshono ulikuwa mshono kama wa kanzu. Mahali pamoja fundi alikuwa amekosea, akarudia. Basi nikacheka peke yangu chini ya mzigo, askari akanipiga kiboko, nikaendelea kucheka moyoni. Kitu kilichowakimbiza watu wa nchi nzima kilikuwa kimeshonwa na mtu aliyekosea mshono! Usiku wa tatu nikatoroka, nikarudi nyumbani, nikawaambia. Walinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mlevi.

Siku ya tano nikateremka bondeni. Niliwakuta chini ya miti ya miiba, moto wao wameuzima kwa hofu ya kuonekana, wanakula viazi vya mwitu. Dada yangu Mwanaheri alikuwa amelala ubavu, mimba yake ya miezi minane imemwelemea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, turudi nyumbani. Huyu atazaa juu ya siafu?"

Kabla Mama hajajibu, Rajabu aliinua kichwa. Rajabu ni mtani wetu wa ukoo. Baba zake na baba zangu wametaniana tangu hawajafika nchi hii, na mtani haruhusiwi kukasirikiwa.

"Mtani," alisema, "umekuja kutuambia tena kwamba ile ndege ni mianzi?"

"Ni mti na nguo. Ndani yake kuna mtu, ana mafua kama wewe."

Watu wakacheka kidogo. Rajabu hakucheka.

"Baba yako alituambia risasi ni maji. Wewe unatuambia ndege ni mianzi. Nyumba yenu hii, mtani, haiishiwi na habari njema."

Hapo hakucheka mtu. Ilikuwa haki yake kusema, nami ilikuwa wajibu wangu kumeza. Nilikuwa na miaka minane mwaka wa Maji Maji. Baba yangu, Fikirini, ndiye aliyeileta dawa kijijini kwetu. Vijana kumi na watano aliwanyunyizia yale maji, akawaongoza kwenda Masasi, na yeye mbele yao. Hakurudi hata mmoja, hata yeye. Tangu hapo sikupata kualikwa kula katika nyumba ya mtu ila kwa Rajabu, naye alinialika ili anitukane vizuri.

Nikasimama. Mimi nikiguswa penye kidonda hutunga shairi, hakuna aliyenifundisha. Nikawaambia kwa sauti:

"Ndege hii ni ya mti, mianzi pia kaniki,
Si jini wala mauti, kwa uganga hairuki,
Aje aone kwa dhati, asiyeamini haki,
Mkimbiao porini, rudini kwenu nyumbani."

"Maneno," alisema Rajabu.

"Basi nitaiunda. Kubwa. Nitaiunda kwa mikono hii na nitairusha pale ukingoni, nanyi mtasimama pale penye uwazi mtazame. Ijumaa, si hii, ile ya pili, jua likipinda. Ikiruka, mtarudi?"

Walitazamana. Ni Mama aliyejibu. "Ikiruka, na ikiwa ni mianzi kweli, mimi nitarudi. Nikirudi mimi, hawa watarudi."

Nikapanda genge mbio kama mtu aliyeposa akakubaliwa.

Siku tisa sikuzungumza na mtu. Nilikata mianzi, nikaipasua, nikaikunja juu ya moto mdogo mpaka mbavu zote zikapata mgongo mmoja. Bawa la juu na bawa la chini, kila moja hatua sita zangu kutoka ncha hadi ncha. Kati yake vijiti vya kusimamisha, vilivyofungwa kwa utomvu wa mpira wa porini tuliokuwa tukiugema kabla ya vita. Mkia niliupa ulimi unaogeuka kushoto na kulia. Kamba tatu za katani: mbili za ncha za mabawa, moja ya mkia. Nikivuta ya kushoto inainamia kushoto, nikilegeza inanyooka. Injini sikuwa nayo, wala sikuihitaji. Ukingoni mwa Newala, jua likishapinda, upepo hupanda kutoka bonde la Ruvuma kama mtu anayepanda ngazi. Ukirusha kofia yako bondeni, hukurudia.

Nguo ndiyo iliyonishinda. Tangu vita vianze hatukuona kitambaa kipya. Nilifumua kaniki mbili kuukuu za Mama, kanzu yangu ya Idi, na shuka nililoachiwa na baba. Nikazishona pamoja. Nilikuwa nikishona huku nasema na nyumba zilizofungwa: kwa Stamili, kwa Mohamedi, kwa Sikudhani. "Mtaona," niliziambia. Nyumba tupu ina namna yake ya kunyamaza. Inakusikiliza mpaka unaona haya.

Lakini nguo ilikuwa imelegea juu ya mbavu. Upepo ungeitia matumbo. Nikakumbuka ngozi ya ngoma: huwambwa mbichi, ikikauka hukaza. Basi nguo nayo ilitaka kuloweshwa, kidogo kidogo, sawasawa, ikaukie juani. Maji kwetu ni safari ya nusu siku, kushuka na kupanda. Nilijinyima kunywa ili nijaze mtungi mmoja. Na Ijumaa asubuhi nikaibeba ndege yangu hadi uani, nikaiweka juu ya magogo, nikavunja bua la mtama uliokuwa ukikaukia shambani, lile lenye kichwa kilichokunjuka vizuri kama mfagio, nikalichovya mtungini, nikaanza kunyunyiza.

Nilinyunyiza bawa la kulia. Nikazunguka. Nilikuwa na furaha, nadhani nilikuwa naimba. Nilipofika bawa la kushoto nikasikia kitu kimeanguka.

Mama alikuwa amesimama penye mlango wa ua. Miguuni pake kapu la viazi limepinduka. Alikuja mapema kuniletea chakula, alijua sijala. Nyuma yake Rajabu, ambaye alimsindikiza.

"Shikamoo, Mama! Mbona mapema? Ngojea ikauke uone!"

Alikuwa akitazama mkono wangu. Nami nikautazama. Nikaliona bua la mtama, likidondosha matone. Nikauona mtungi. Nikaiona kwa macho yake ile ndege ya vita, imelala uani pale pale walipolala wale kumi na watano kifudifudi, na mtu mrefu mwembamba akiizunguka na kuinyunyizia maji kwa mtama, kama baba alivyowanyunyizia wao.

"Mama, ni nguo. Inataka kukaza. Kama ngoma, Mama, kama ngozi ya—"

"Alizungukia kulia," alisema Mama. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Kama wewe. Alianza na Mahmudu, akamaliza na Dastani. Nilikuwa nimeshika mtungi mimi."

Hilo sikulijua. Miaka kumi na miwili sikuambiwa nani alishika mtungi.

Rajabu, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala, alichuchumaa penye kapu. Kisha akasema, "Mtani, ungeweza kutumia kiganja."

"Sikufikiri."

"Hukufikiri." Akaokota viazi, akavirudisha kapuni kimoja kimoja, akaliweka kapu kivulini. "Nashuka kuwaambia."

"Uwaambie nini?"

"Nilichokiona. Wakinikuta nimewaficha jambo kama hili, nitakuwa wa pili wa kuwaponza baada ya baba yako."

"Waambie waje waone! Rajabu! Leo ndiyo Ijumaa yenyewe! Waambie ni kaniki za Mama!"

Alikwisha kuondoka.

Mama hakumfuata. Aliketi barazani, akanipa mgongo. Nilimweleza yote: mbavu, mshono, kamba. Nilisema vizuri, sijawahi kusema vizuri kama siku ile. Hakugeuka. Nguo ikakauka, ikakaza, ukiipiga kwa kidole inalia. Jua likapinda. Nikaibeba ndege kichwani hadi ukingoni, hatua mia mbili, na Mama akanifuata kwa mbali, akaketi juu ya jiwe, akatazama upande wa nyumba.

"Mama, itazame tu. Uliniahidi."

"Nilikuahidi kabla sijaona."

Chini, mahali penye uwazi nilipowaambia wasimame, hapakuwa na mtu. Nilisema labda wanachelewa. Upepo ulikuwa umefika. Nyasi za ukingo zote zimelalia kwangu. Nikashika kamba, nikaiinua ndege juu ya kichwa, nikaiachia.

Ilizama. Moyo wangu ukazama nayo, kisha upepo ukaipokea chini ya mabawa, ikapanda. Ikapanda mpaka kamba zikanichana viganja. Nikavuta ya kushoto: ikainama kushoto, polepole, kwa adabu. Nikalegeza, ikanyooka. Ilisimama juu ya bonde zima, juu ya miti yenye miiba na moto uliozimwa, na nyuma yake Ruvuma inang'aa kama uzi, na ng'ambo milima ya Wareno. Niliigeuza kulia. Niliishusha nikaipandisha. Ilifanya kila nilichoiambia. Katika maisha yangu hakuna kitu wala mtu aliyepata kunitii namna ile.

"Mama!" niliita. "Mama, inaruka!"

"Najua," alisema. Bado mgongo. "Baba yako naye alisema kweli mambo mengi."

Niliirusha mpaka mikono ikafa ganzi. Hakuna aliyeiona ila mimi. Nikaishusha juu ya nyasi, haikuvunjika hata ubavu mmoja, na ukamilifu wake ule uliniuma kuliko kama ingevunjika.

Rajabu alirudi jua likiwa limekaribia kutua. Alikuwa akihema. Hakuniita mtani.

"Mama Muharami, wamekwisha kufunga mizigo. Wanashuka Ruvuma sasa hivi, alfajiri wavuke kwa Wareno. Wanasema vita ya maji imefufuka hapa juu, na safari hii hawangoji kuona mwisho wake. Mwanaheri wanambeba kwa machela."

Mama alisimama.

"Nami ninakuja," nilisema. "Nitashika machela."

Rajabu alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ananipenda, kwa sababu alishindwa kusema upesi. "Wewe wamesema usishuke. Wamesema mwana wa kiume wa Fikirini asivuke nasi. Bibi Sikudhani ameshika panga, na unamjua, jicho halioni lakini mkono haukosei."

Ilikuwa utani, nami nikajaribu kucheka. Nikatoa sauti nyingine.

Ningeweza kugombana. Nina kinywa, nina mikono, na haki ilikuwa yangu: ndege ilikuwa mianzi, na iliruka. Nilifungua kinywa niwaambie hivyo, nikamwona Mama akijifunga kanga kiunoni kwa safari. Vidole vyake vilikuwa vikitetemeka. Nilikuwa nimetumia siku tisa kumthibitishia kwamba hana sababu ya kutetemeka, na sikuwa nimevishika hata mara moja.

"Mwanaheri yuko peke yake," alisema Mama. "Siwezi kumwacha azae mikononi mwa watu."

"Nenda, Mama."

"Kula vile viazi."

"Nitakula."

Akashika njia ya genge, Rajabu mbele akimwonyesha pa kukanyaga. Niliona kichwa cha Mama kikishuka nyuma ya mawe, kikatokea, kikashuka tena. Alikuwa akiteremka kwa matako kwenye sehemu mbaya, kama wanawake wote wa kwetu, akijishika kwa mizizi. Upepo ulikuwa ukipanda bado. Ulileta kwangu kila kokoto iliyoporomoka chini ya mguu wake. Sauti yangu ingelazimika kushuka kinyume cha upepo huo. Nikasogea mpaka ukingo wenyewe, nikakinga mikono kinywani.

"Mama!"

Alisimama. Aliinua uso.

"Vita vikiisha nitakuja kukuchukua! Mimi mwenyewe, kwa miguu, mpaka huko kwa Wareno! Sitakuambia usiogope, Mama! Nitakushika mkono tu, hatua kwa hatua, mpaka nyumbani!"