Kaburi la Mpaka

Jumanne, tarehe saba Mei mwaka 2024, saa nne asubuhi, mto ulikata njia mpya ukapita juu ya kaburi la Marcella. Ndwiga alikuwa ng'ambo, jembe begani, na hilo jembe halikumfaa kitu.

Marcella alikuwa mkewe miaka thelathini na mmoja. Walianza maisha juu mlimani, kwenye nusu eka ya mteremko. Kila mvua ililamba shamba kidogo, hadi mawe yakatoa meno. Watu wa kilimo waliahidi kuja kuchimba matuta. Ndwiga anawangoja mpaka leo. Mwishowe alishuka bondeni akiufuata udongo wake kama mtu anayefuata ng'ombe walioibwa, na akaukuta. Ulikuwa umelala pale mto unapoingia bwawani. Mto hushuka mbio na mzigo wake, lakini ukikutana na maji yaliyotulia huchoka, ukautua: mchanga kwanza, tope laini mbele zaidi. Mzigo ukirundikana, mto hujizibia njia wenyewe, ukagawanyika vidole vidole kama mkono. Katikati ya vidole hivyo Ndwiga alipanda mahindi bila mbolea, yakampita kichwa.

Chifu Mutegi alikuja kuyaonja, ya kuchoma.

"Ndwiga, hapa cheti huna," alisema akichokonoa meno. "Lakini penye kaburi, hata jaji wa koti huogopa kupakanyaga."

Marcella, kifua kikimbana, alisikia kila neno. Chifu alipoondoka, akasema, "Baba Kagwiria, mimi unirudishe juu. Usinilaze kwenye tope."

"Nani amesema unakufa?" Ndwiga akajibu, macho yake yakiwa kwenye mahindi.

Akafa Februari. Ndwiga akamzika katikati ya vidole vya mto, na kwenye pembe nne za kaburi akapanda matoka, yale maua ambayo wazee wa Embu huwekea mipaka, na anayeyang'oa anajitafutia laana. Kagwiria, binti yao wa pekee, hakutupa udongo kaburini. Alisimama tu akiangalia baba yake akipima kwa hatua kutoka pembe hadi pembe.

Wiki mbili baadaye akaja Lennox wa ofisi ya bwawa, gambuti zake hazina doa.

"Mzee, hii si ardhi. Haya ni mashapo."

"Mashapo ndiyo nini?"

"Uchafu uliotuliwa na mto. Leo uko hapa, kesho umehama. Ulitakiwa ufike pwani. Kule mdomo wa mto unaliwa na bahari kwa kukosa udongo huu, chumvi inaingia kwenye mpunga wa watu."

"Kwa hivyo wewe na bwawa lako ndio wezi."

Lennox akacheka. "Na wewe umezika mtu ndani ya mali ya wizi. Mtoe, mzee. Mvua inakuja."

Ndwiga akamwonyesha matoka. "Mpaka ndio huo. Jaribu kuuvuka."

Lennox hakuuvuka. Aliyeuvuka ni mto. Masika yale ulishuka na mlima mzima mgongoni, bwawa likajaa, maji yakarudi nyuma, na mto ukazibwa na mzigo wake mwenyewe. Ukatafuta kidole kingine, ukakipitisha katikati ya matoka. Sanduku likatoka ubavuni mwa tope, likageuka mara moja kama mtu anayetafuta upande mzuri wa kulalia, likazama.

Chifu alifika na mwavuli. "Kaburi? Mimi nilisema nini? Mimi nilikuwa nakula mahindi."

"Atafika pwani?" Ndwiga akamuuliza Lennox, aliyekuja nyuma ya chifu.

"Wapi. Bwawa halipitishi mzigo. Yuko humo humo, anafunikwa."

Maji yalipopungua, tope jipya likabaki, jeusi, linono, na majirani wakapanda. Ndwiga huwatukana wote, chifu, ofisi na serikali, mbele ya yeyote anayesimama kumsikiliza.

Kagwiria amekuja mara moja tu, kutoka mtaa wa Majimbo anakofundisha. Hakuketi. Alimwacha baba yake awataje wenye makosa mmoja mmoja, mpaka majina yakamwishia.

"Baba," akasema, "siku ile tulikuwa tunamzika mama, au tulikuwa tunaweka mpaka?"