Tableti za Wageni

Clotilde alisonga bukari ya unga wa mahindi kwa mkono mmoja, wa pili ukimbembeleza Jaël, aliyekuwa akilia tangu alfajiri. Mtoto alikuwa na miaka tisa, hajawahi kutamka neno. Mama alishambonyeza tumbo, meno, hata miguu ile isiyomtii, na kilio kikabaki kilekile. Watu husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Labda hao wana watoto wanaosema.

Mara moja tu aliwahi kujua. Tableti zilipoletwa na wageni wa mradi kwenye kituo cha watoto wenye ulemavu pale Shituru, mwalimu Reine alimfundisha Jaël kugusa picha. Akarekodi na sauti ya Clotilde mwenyewe, maneno ya nyumbani: maji, bukari, tumbo, matwi. Siku moja Jaël akagusa picha ya tumbo, na mama akasikia sauti yake ikimjibu, "Tumbo." Mtoto akapewa dawa ya minyoo, akalala fofofo. Tangu siku hiyo Clotilde aliitamani tableti ile kama mwenye kiu anavyotamani maji.

Lakini Reine alichoka kufundisha bila mshahara, akaenda kulima Kapolowe. Mkurugenzi, Monsieur Banza, akazifungia tableti zote kumi kabatini, kila moja chini ya kitambaa alichofuma mkewe, kama redio ya sebuleni. Zikadumu mpya, hilo hakuna wa kumnyima.

Baada ya kula, Clotilde akambeba Jaël mgongoni hadi kituoni.

"Monsieur le Directeur, nalomba tablette, dakika tano tu. Mutoto analia, sijue iko anaumwa wapi."

"Mama Jaël, leo bageni ba projet banakuja. Kama inavunjika? Ni minye nilisaini, haina weye."

"Minye mwenyewe nitaishika."

"Après la photo, mama, kisha ya photo. Kwanza umunyamazishe."

Wakasubiri kwenye benchi. Wageni walifika saa tisa, na gari jeupe. Ndipo kabati likafunguliwa. Tableti zikafutwa vumbi, zikawekwa mapajani mwa watoto, zote zimezimwa zisimalize moto wa betri.

"Mama, mutoto acheke kidogo," mpiga picha wao akaomba.

Clotilde alitazama kioo cheusi juu ya magoti ya mwanawe. Sauti yake mwenyewe ilikuwa mle ndani, imefungwa, na mtoto analia juu yake. Akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha pembeni.

Picha zikatokea. Jaël akanyamaza. Kidole chake kikaanza kutembea, kikapita maji, kikapita bukari, kikasimama kwenye picha ya sikio.

"Matwi," tableti ikasema kwa sauti ya Clotilde. Jaël akagusa tena. "Matwi."

Mgeni mmoja akapiga makofi. Clotilde hakumwona vizuri, machozi yalikuwa yamemjaa. Kutwa nzima, kumbe ni sikio! Banza akainama, huku akiwachekea wageni, akanyoosha mikono miwili kuichukua tableti kabla haijaanguka.

"Merci, mama. Inatosha. Sasa tupige photo."

Kidole cha Jaël kilikuwa kimeshaondoka kwenye sikio, kinatafuta picha nyingine. Clotilde akaweka mkono wake kati ya mkurugenzi na kioo.

"Mungoje kwanza, Monsieur le Directeur," akasema. "Mutoto iko anasema."