Waya wa Ngazini

Kitu cha kwanza alichokiona Severa asubuhi ile kilikuwa waya. Waya wa buluu, mwembamba, umetoka ghorofani na kushuka kwa kufuata ukuta wa ngazi, pale pale alipozoea kuweka mkono kila anapopanda na kushuka. Aliuondoa mkono, kama mtu anayempisha mgeni, akapanda katikati ya ngazi.

Duka la kadi la mzee Champaklal lilikuwa Mtaa wa Lumumba, upande unaotazama Mnazi Mmoja. Kadi za harusi, za kipaimara, za maulidi, zote zilitengenezwa hapo. Biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kuagiza mali nje, mzee aliingiza kutoka Bombay mashine kubwa, kompyuta ya kuchorea kadi iliyokwisha tumika, akaiweka ghorofani penye kiyoyozi, akawa anakaa nayo mwenyewe. Humo ndimo ilimokuwa michoro yote. Chini kulikuwa na kompyuta mbili za Windows: moja ya Paras, mwanawe mzee, nyingine ya Rinkal, mke wa Paras. Mashine ya juu na kompyuta za chini hazikuelewana. Kilichoziunganisha ni miguu ya Severa. Rinkal akitaka mchoro, Severa alipanda, mzee akamtilia kwenye disketi, akashuka nao. Kadi ikikamilika, akaipandisha.

Sasa Paras alikuwa amemleta fundi, Ansbert, kijana wa Kilimanjaro mwenye mkoba wa santuri za programu za kompyuta na maneno mengi.

"Bosi, mashine zako ni wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana," alisema akiwa amepiga magoti chini ya meza. "Ya juu ina lugha yake, Windows ina yake. Naweka programu hapa chini, Windows ijue kupiga hodi kule juu. Ikifunguliwa, michoro yote utaiona hapa hapa, kama imo ndani ya kompyuta yako."

"Na ngazi?" Rinkal aliuliza.

"Ngazi ibaki ya kwenda kumsalimia mzee."

Rinkal akacheka. "Umesikia, Severa? Miguu yako itapona sasa. Utanenepa wewe!"

Severa alitabasamu akitazama sakafu. Ndivyo alivyojibu mambo mengi.

"Jumamosi tutazungumza, Severa," Paras akasema bila kugeuka.

Kila mtu pale dukani alijua maana yake. Shomari, aliyekuwa akipanga herufi za risasi za kuchapia, aliambiwa hivyo hivyo kompyuta zilipofika. Jumatatu yake hakuonekana.

Severa alisimama kando ya kabati ameshika disketi asiyojua ataipeleka wapi. Shangazi yake Jangwani angeuliza kulikoni, na Severa angepata la kumjibu. Kazi za kufua na kupika mjini hazikosekani. Lakini kulikuwa na jambo ambalo asingeweza kumweleza shangazi. Kila aliposhuka na mchoro, ilibidi asubiri nyuma ya kiti cha Rinkal mpaka ufunguke. Katika kusubiri huko aliona herufi zikipinda, jina la bibi harusi likilala kidogo kama limechoka kwa furaha, ua likigeuzwa likawa pambo la pembeni. Shule aliiacha darasa la tano, mama alipougua, na hakuna aliyemuuliza kama alitaka kurudi. Nyuma ya kiti kile alikuwa kama amerudi, ingawa kwa kusimama.

Ansbert alitia santuri. Kompyuta ikauliza maswali, ikazimwa, ikawashwa, ikauliza mengine. Aliandika namba ya mashine ya juu, akaandika sehemu ilipo michoro. Kisha akainua kichwa.

"Inauliza anayeingia ni nani. Niandike jina gani?"

"La Bapuji," Paras alijibu. Ndivyo walivyomwita mzee.

"Na kwa dada Rinkal?"

"Hilo hilo. Leseni, simu, sanduku la posta, kila kitu hapa kiko kwa jina la Bapuji. Niweke langu naye yuko hai? Watu watasemaje?"

Fundi alijikuna shingo. "Haya. Bosi ndiye amesema."

Herufi mpya, mlango wa kwenda mashine ya juu, ikatokea kwenye kioo. Ansbert akaibonyeza, na kadi zote za ghorofani zikajipanga mbele yao. Rinkal akapiga makofi. Severa akaiweka disketi juu ya kabati.

Kabla ya mchana Rinkal alipiga kelele.

"Paras! Maua yangu yako wapi?"

"Maua gani?"

"Ya harusi ya akina Elisaria! Nimeyachora tangu asubuhi!"

Paras alikuwa ameifungua kadi ile ile kwenye kompyuta yake, kabla haijaongezwa hata ua moja. Akabadilisha jina la ukumbi, akaihifadhi. Kadi yake isiyo na maua ikakaa juu ya kadi ya mkewe, ikaifuta. Wakagombana kwa Kigujarati, kisha kwa Kiswahili ili fundi naye apate fungu lake.

Severa alifurahi. Waya utang'olewa, aliwaza, na kesho nitapanda. Lakini alipomwona Rinkal anafuta macho kwa ncha ya sari, furaha ile ikakosa ladha. Yale maua aliyaona yakichorwa.

Mzee Champaklal alishuka taratibu. "Shikamoo," Severa akasema kwa sauti ya chini, akaitikiwa.

"Mzee," Ansbert alieleza, "mashine ya juu haikuona watu wawili. Imemwona Champaklal akichora maua, kisha Champaklal huyo huyo akiyafuta. Itamzuiaje mtu kufuta kazi yake? Kila anayekaa hapa awe na jina lake kule juu. Hapo kazi ya huyu, yule ataiona tu, hataiharibu. Na asiye na jina, hata akifunguliwa mlango hataweza kugusa kitu."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo mimi nimegombana na mimi? Paras, heshima yako nimeipokea, mwanangu. Sasa weka majina."

Wakapanda wote ghorofani, Severa nyuma yao. Ansbert akakaa mbele ya mashine kubwa.

"Mzee yumo. Paras, tayari. Rinkal, tayari. Kuna mwingine? Semeni sasa, kesho naenda Moshi."

"Basi," Paras alisema. "Wametosha."

Severa alisikia kiyoyozi kikinguruma. Aliinua macho, akakuta hakuna anayemtazama, na hilo likamsaidia.

"Na mimi," alisema.

Wote wakageuka. Sauti ilikuwa imekwisha toka, haikurudishika.

"Niandike na mimi, kaka Ansbert. Severa. Dada Rinkal, mimi sitaki miguu yangu ipumzike. Nataka kukaa kwenye kiti, nijifunze kuchora. Nimetaka tangu siku ya kwanza."