Kilima Kisicho na Mtu

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mwaka 2001, saa tatu ya asubuhi, Melchior alikuwa akipima kilima cha Vulamba, upande wa juu wa Butembo, pale matajiri wa mji walipokuwa wameanza kujenga nyumba za ghorofa zenye vioo vya bluu. Mpima ardhi wa serikali hufanya kazi na watu wawili: mmoja wa kushika ncha ya utepe, mwingine wa kupigilia vigingi. Melchior alikuwa peke yake. Tangu vita vianze mshahara haukuwa umefika kutoka Kinshasa, na wasaidizi wake walikuwa wamerudi kulima. Basi aliyemshikia utepe siku hiyo alikuwa Mama Godelive, mwenye shamba lililokuwa likipimwa.

"Kamata muzuri, mama. Usilegeze."

"Nimekamata. Ni wewe unatetemeka."

Walipima kuanzia kwenye mikaratusi mpaka kijitoni, wakapita katikati ya viazi na maharage, wakaambaa na nyumba ya udongo yenye bati, wakaliruka kaburi la mama mkwe wake. Saa sita Mama Godelive alimpakulia viazi na sombe, majani ya muhogo. Melchior akiwa anakula, mtu alikohoa juu ya dari. Mama Godelive aliendelea kumenya viazi vya jioni. Aliyekohoa alikuwa Grady, mwanawe wa miaka kumi na tisa. Askari walikuwa wakipita kila wiki kukusanya vijana, na Grady alikuwa na miezi minne chini ya bati, akishuka tu kunyoosha miguu wakati watu wako kanisani. Mkewe, Précieuse, ndiye aliyempandishia sahani. Alipanda ngazi polepole, kwa sababu alikuwa na mimba changa.

"Munapima juu ya nini?" Mama Godelive aliuliza.

"Juu ya parke. Parke ya batoto kuchezea. Familia zitakuwa zinakuja pale dimanche, kisha misa."

"Na sisi?"

Melchior akamwambia kwamba hilo lilikuwa swali la ofisini. Akashukuru kwa chakula, akakunja utepe.

Ofisini, kesho yake, mwenye parke alikuwa amekwisha kuketi. Jina lake Ézéchiel, muuzaji wa pikipiki na vitenge, mtu mpole ambaye alisalimia hata mama aliyeleta chai. Farasi ishirini wa mashine ya kuzunguka walikuwa njiani kutoka Dubai, pamoja na bembea na gari-moshi dogo la watoto kupanda.

"Batoto yetu banajua jina ya kila bunduki," alisema Ézéchiel, "mais habajue kupanda farasi. Nataka basahau kidogo. Hata saa moja tu."

Melchior alimwamini, kwa sababu ilikuwa kweli. Lakini kwenye fomu kulikuwa na mstari ulioandikwa: hali ya kiwanja. Alishika kalamu, akaiweka chini.

"Kuna mama anakaa pale, na batu yake."

"Iko na karatasi?" aliuliza Omer, mkuu wa ofisi.

"Hana. Shamba ni ya bakoko, bazee ba zamani."

"Donc hayuko. Mutu bila karatasi, mbele ya serikali hayuko. Andika: terrain vacant."

Melchior angeweza kuuliza ni mbele ya serikali ipi, kwani mwaka ule nchi ilikuwa na serikali zisizopungua tatu. Lakini mkewe alikuwa Kananga, ng'ambo ya mstari wa vita, na karibu miaka mitatu ilikuwa imepita bila barua. Omer ndiye aliyesaini ruhusa za kusafiri. Basi Melchior akaandika kwa mwandiko wake mzuri, ule uliosifiwa shuleni: kiwanja kitupu, hakuna mtu. Muhuri ulipigwa saa nne na dakika kumi.

Siku ya Jumatano alipanda Vulamba kwenda kumweleza Mama Godelive alichofanya. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alipofika alimkuta Grady shambani, kifua wazi, akipalilia maharage juani.

"Askari hawakukuja leo?" Melchior aliuliza.

"Balikuja," Mama Godelive alijibu kutoka kwenye kamba ya nguo. "Asubuhi, batu kumi na moja. Balipita hapa katikati ya sufuria. Mumoja alikanyaga moto yangu, akasema anasikia harufu ya moshi. Mukubwa wao akamwambia ni moshi ya jirani. Grady alikuwa amesimama pale pa mulango, alikuwa amechoka kulala juu. Bakamupita kama vile banapitaka muti."

Akalibana shati kwenye kamba.

"Papa Melchior, uliandika nini?"

Melchior alisahau yote aliyokuwa amepanga. Akasema tu kwamba ameandika hakuna mtu.

Mama Godelive aliiacha kamba. Alitazama kaburi la mama mkwe, kisha mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma, kama mtu anayekagua nguo aliyoazimwa.

"Nilikushikia utepe," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ukakula viazi yangu."

"Ndiyo. Nitarudi ofisini. Nitasahihisha kesho."

Grady alisimamisha jembe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Melchior kuuona uso wake. Ulikuwa mweupe kidogo kwa kukosa jua, na masikio yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Mama Godelive naye aliutazama uso huo kwa muda mrefu.

"Hapana," alisema mwishoni. "Usisahihishe kwanza. Acha kijana apate jua. Mais ujue, nimekasirika."

Na kweli alikuwa amekasirika. Kwa majuma matatu, kila Melchior alipofika, alimpa kiti lakini hakumpa chakula.

Ilionekana baadaye jinsi mambo yalivyokuwa. Aliyekuja Vulamba kutembea hakuwaona; aliyekuja kukaa aliwaona. Melchior aliwaona kwa sababu alijua alichoandika. Mama Godelive alipovuka kijito na kikapu chake kwenda sokoni, watu walimsalimia na kumpunja kama siku zote. Aliporudi na kukanyaga shamba lake, alikuwa hayuko tena.

Katapila lilikuja mwezi wa tano. Lilipita juu ya nyumba mara mbili, kwenda na kurudi, na liliposogea nyumba ilikuwa palepale, na Précieuse alikuwa akifuta vumbi kwenye sahani. Mafundi walimwaga zege juu ya viazi. Viazi viliendelea kukomaa, ila kuvichimba kulihitaji nguvu kidogo zaidi. Farasi ishirini walipowasili kwa lori kutoka Kasindi mpakani, mashine yao ilisimikwa pale lilipo jiko. Tangu hapo farasi waliingia kwa mlango wa nyuma, wakapita juu ya mafiga, wakatokea dirishani. Mama Godelive alilalamikia rangi zao tu. Hakupenda yule wa zambarau.

Parke ilifunguliwa mwezi wa nane, siku ya Jumapili, baada ya misa. Ézéchiel alikata utepe mwekundu, akalia kidogo, na hakuna aliyemcheka. Wake za wafanyabiashara walikaa chini ya miavuli wakinywa soda. Watoto wao walipanda farasi wakapiga kelele, na ilikuwa kelele nzuri, ambayo mji ule haukuwa umeisikia kwa siku nyingi. Mjukuu wa Ézéchiel, Elysée, msichana wa miaka minne, alishuka na kiazi cha moto mkononi.

"Nani amekupa?" mama yake aliuliza.

"Tate wa jikoni," alisema Elysée, kama wajukuu wanavyomwita bibi, akaendelea kutafuna.

Watoto ambao walikuwa hawajajua kusoma waliwaona wote. Karatasi ilikuwa haijawafikia. Walimwomba Grady awasukume kwenye bembea, naye aliwasukuma, na wazazi walisema upepo wa Vulamba ni mzuri kwa watoto. Walipoingia darasa la kwanza na kuijua alfabeti, walianza kumpita bila salamu.

Mama Godelive alikuwa na ndugu, na ndugu walikuwa na masikio. Kwanza walikuja wa Musienene, watu wa damu yake, na magodoro kichwani. Halafu akaja Jumaine, dereva wa Beni, ambaye lori lake lilichomwa barabarani, pamoja na mkewe Aisha na watoto watano. Walisimama kando ya kijito, wakavua viatu, wakauliza kama kuna nafasi.

"Nafasi iko," alisema Mama Godelive. "Karatasi inasema ni kitupu."

Kufikia mwezi wa tisa familia thelathini na nne zilikuwa zikiishi Vulamba. Jumaine alisali nyuma ya toboggan ya watoto kuteleza, mahali palipokuwa safi na tambarare. Wanawake walianika mihogo kwenye paa la gari-moshi dogo. Vijana sita, waliokuwa wamekaa kwenye dari za nyumba sita, walicheza mpira kila jioni mbele ya mlinzi aliyekuwa akipiga miayo langoni. Askari walipita, wakapanda farasi kidogo, wakaenda. Hakuna kijana wa Vulamba aliyechukuliwa mwaka ule.

Lakini kulikuwa na upande wa pili. Watu wa chanjo walifika na masanduku yao ya baridi, wakatazama kilima kizima, wakaandika sifuri. Maharage ya msaada yaligawiwa chini mjini, kwa orodha, na Vulamba haikuwamo. Mtoto wa tatu wa Jumaine alishikwa na surua. Alipona kwa bahati tu, baada ya Aisha kumbeba mgongoni mpaka ng'ambo ya kijito na kupanga mstari na wagonjwa wanaoonekana.

Usiku wa homa ya mtoto huyo ulimmaliza Melchior uvumilivu. Asubuhi aliandika ripoti ya kurasa mbili: kwamba kiwanja kina watu, kina shamba, kina kaburi, kwamba yeye mwenyewe alikosea kwa makusudi. Mama Godelive alimruhusu kuipeleka. "Andika sisi tuko," alisema, "mais usiandike Grady." Omer aliisoma yote bila kuruka neno.

"Muzuri sana," alisema. "Shida ni moja. Muhuri ile ilipiga karatasi ya kwanza ilienda na bakubwa ba zamani. Hii mupya hainaga nguvu juu ya mambo ya zamani."

Aliiweka ripoti kwenye mtoto wa meza, juu ya ripoti nyingine. Siku hiyohiyo alimpa Melchior ruhusa yake ya kusafiri. Ilikuwa ya kufika Lubero tu, mji wa jirani. Melchior hakuwa na mtu Lubero.

Uchungu wa Précieuse ulianza Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi, saa nane ya mchana, parke ikiwa imejaa. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na njia ya kijitoni ilikuwa ya kuteleza. Hakuna aliyethubutu kumbeba. Melchior alishuka mbio mpaka kwa muuguzi Josée, mwanamke wa Kisangani aliyetumwa Butembo na serikali iliyomsahau kama ilivyomsahau yeye. Josée alipanda na mkoba wake, akapita langoni, akasimama katikati ya farasi.

"Sioni mutu," alisema.

"Yuko hapa. Leta mukono."

Melchior aliushika mkono wa Josée, akauweka juu ya tumbo la Précieuse. Vidole vya Josée vikasikiliza. Kisha alipiga magoti, akafunga macho, kwa sababu hayakuwa na kazi.

"Nimezalisha wengi wakati taa imekatika," alisema. "Hii ni kitu kimoja. Mama, unaitwa nani?"

"Précieuse."

"Précieuse, usisukume mpaka niseme. Huyu anataka kuja na makalio. Tutamugeuza."

Mama Godelive alishika mabega, Aisha alishika taulo, Grady alishika ukuta. Farasi walizidi kuwapita, wa zambarau na wengine, na watoto wadogo waliokuwa mgongoni waliinamisha vichwa kutazama, wakaacha kupiga kelele. Elysée alikuwa mmoja wao. Alizunguka mara tatu kisha akaomba ashushwe, akasimama karibu na sufuria ya maji ya moto, akiilinda asiikaribie mtu. Josée alifanya kazi kwa nusu saa, jasho likimtoka, akiuliza na kujibiwa. Saa kumi kasorobo alisema, "Sasa," na Précieuse akasukuma.

"Ni musichana," alisema Josée, akiwa bado amefumba macho. Alimpima mikononi. "Kilo tatu na kidogo. Mwenye nguvu."

Walimwita Masika, kama anavyoitwa kwa Wanande msichana wa kwanza. Josée alifungua macho, akatoa daftari la vizazi kwenye mkoba na kuuliza aandike mtoto amezaliwa wapi. Alitazama huku na huku, akaona bembea, soda na miavuli, akalifunga daftari.

"Nitarudi jeudi, nyuma ya siku ine, kumuchanja," alisema. "Mutanishika mukono tena."

Grady alikuwa amemchukua mwanawe, akatoka naye nje juani, mbele ya watu wote wa mji. Masika alifungua kinywa akalia. Alilia kwa sauti nyembamba, kali, isiyokatika, mpaka wake za wafanyabiashara wakageuza vichwa na Ézéchiel mwenyewe akasimama kitini, akiweka kiganja nyuma ya sikio.

"Mashine inapiga kelele," alimwambia mlinzi. "Weka mafuta."

Mlinzi alileta kopo, akazima injini, akapaka mafuta kila farasi kwenye goti na kwenye mhimili, kwa uangalifu, wote ishirini. Kisha akawasha tena. Masika aliendelea kulia, safari hii kwa nguvu zaidi, na watoto waliokuwa juu ya farasi wakamjibu.