Kifuta Jasho

Mama Cherehani alikuwa anapiga pasi kitambaa cha mwisho mumewe alipouliza, bila kuinua macho kutoka kwenye kiatu alichokuwa anakishona, kama na hiyo nayo ni kazi ya mtaa.

"Ni ya tume," alijibu. "Katibu kanipigia simu. Kasema niandae kifuta jasho cha wajumbe."

"Haya. Na kwenye cherehani yako atashona nani?"

Tangu majirani wamchague kuwa mjumbe wa mtaa, sare za watoto wa watu zilikuwa zinalala chini ya meza huku yeye akiamua ugomvi wa mitaro na kuwagongea watu muhuri. Mbunge alikuwa na mshahara, diwani alikuwa na posho. Mjumbe alipewa asante. Leo tume ya kupanga malipo ya wawakilishi ingesikiliza maoni, na mumewe alishasema lake jana usiku, kwa upole uliomtisha kuliko makelele: "Ukirudi mikono mitupu, mke wangu, rudisha muhuri ofisi ya mtaa."

Kabla ya kutoka alipiga magoti kando ya kitanda. Hakuomba fedha. Aliomba ulimi wake usimwangushe.

Ukumbini feni ilikuwa imekufa na madirisha hayakufunguka. Msaidizi wa mbunge alitangulia, akaeleza kwa nini bosi wake hatoshelezwi na mshahara wake. Diwani akafuata na mafuta ya gari, michango ya misiba, vocha za simu, kisha misiba tena. Mwenyekiti wa tume, mwanamume mnene aliyekabwa na tai, alikuwa anaandika huku akijipangusa kwa kiganja. Mwishowe akageuka.

"Mama wa mtaa. Kifuta jasho umeandaa?"

"Nimeandaa, mheshimiwa."

Akafunua kikapu, akapita mezani akiwagawia makamishna wa tume vitambaa vyeupe vilivyonyooshwa vizuri, kila kimoja kimepindwa kwa uzi wa bluu.

Watu walitazamana. Kisha diwani akaangua kicheko, na ukumbi mzima ukamfuata. Ni yeye huyo diwani, akifuta machozi, aliyemweleza kwamba katibu alimaanisha aandae mapendekezo ya malipo: hicho kidogo ambacho tume ilifikiria kuwapa wajumbe, ndicho kilichoitwa kifuta jasho.

Masikio yake yakawaka moto. Yote aliyoyapanga kusema yakayeyuka. Bwana, nishike, alisema moyoni. Halafu naye akajikuta anacheka, maana vitambaa vilikuwa vizuri kweli, na joto lilikuwa kali kweli.

"Mniwie radhi," alisema. "Mimi ni fundi. Nikisikia kifuta jasho, nasikia kitambaa. Mngesema mshahara, nisingekosea."

"Mshahara ni neno zito, mama," mwenyekiti alisema.

"Ndiyo maana nauliza, mheshimiwa. Mtu akibisha hodi, naacha sare ya mtoto mashineni, natoka naye. Mwenye sare akija, nimwambie nilikuwa wapi? Kazini, au nilikuwa nazurura?"

Mwenyekiti alitazama karatasi zake. Akasema watalizingatia. Kisha, kama mtu aliyejisahau, akachukua kitambaa akajifuta shingo, taratibu, pande zote mbili.

Nyumbani mumewe alisikiliza habari yote hadi mwisho, sindano mkononi.

"Na vitambaa?"

"Wameondoka navyo."

"Kwa hiyo ulikwenda kudai, ukaishia kuwapa wewe."

Walicheka mpaka Mama Cherehani akalazimika kukaa. Kicheko kilipoisha, macho ya mumewe yalikwenda rafuni, muhuri ulipokaa kati ya vibunda vya nyuzi. Mama Cherehani akauchukua. Akauviringisha kwenye kitambaa kimoja alichokibakiza kwa sababu upindo wake ulikwenda mrama, akautia mkobani, akafunga zipu.

"Hodi humu ndani."

Alikuwa jirani wa nyumba ya kona, gauni limelowa hadi magotini. Mtaro ulikuwa umezibwa tena na maji yalikuwa yanaingia chumbani walikolala watoto.

"Mjumbe yupo?"

Mama Cherehani alikuwa bado ameshika mkoba. Mumewe aliutazama mkoba, akamtazama yeye, akashusha pumzi. Kisha akaweka sindano chini na kuanza kuondoa viatu vya wateja juu ya benchi, jozi baada ya jozi, hadi pakapatikana nafasi ya mgeni wa mjumbe kukaa.